Mwalimu na Mvua ya Peru

Kijijini kwetu, saa tatu kamili asubuhi ilijulikana bila saa. Mwalimu alitoka darasani, hata kama alikuwa katikati ya sentensi, akavuka uwanja wa shule kwa hatua za gwaride, akafika kwenye kipima mvua kilichosimikwa karibu na mlingoti wa bendera, akainama. Alikaa ameinama kwa muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji. Kisha aliandika kwenye daftari lenye jalada gumu, akarudi darasani kumalizia sentensi yake. Kiangazi chote, wakati hata umande hakuna, alifanya vilevile, akaandika sifuri, na hiyo sifuri akaitazama mara mbili kabla ya kufunga daftari.

Nilikuwa mwanafunzi wake, baadaye mkalimani wake, na mwishowe mtu wa kumnunia. Naandika habari zake nikiwa na kinyongo, na ni vizuri msomaji alijue hilo mapema. Kwa miaka mingi nilitaka kusikia neno moja tu kutoka kinywani mwake, nalo ni “nilikosea”. Mtu yule alikuwa na maneno ya kila bahari duniani, lakini hilo moja hakuwa nalo. Kosa lenyewe nitalieleza. Kwanza mumjue.

Alifundisha Jiografia, na kwake Jiografia ilikuwa mvua. Mito, madini, watu, vyote alivipitia harakaharaka kama mtu anayepita msibani akiwahi basi. Akifika kwenye hali ya hewa, alifunga mlango wa darasa ili tusisumbuliwe. Alichora bahari ya Pasifiki ubao mzima, Afrika akaibana pembeni karibu na fremu, na Kahama, wilaya yetu, ikawa nukta aliyoipiga kwa ncha ya chaki. Halafu alitueleza kwamba maji ya Peru yakipata moto, pepo za dunia zinabadili nia, na sisi huku tunapata mafuriko au tunapata ukame, kutegemea. Neno “kutegemea” alilipenda sana. Nilikuja kutambua baadaye kwamba ndilo lilikuwa mlango wake wa nyuma.

Alivyoitaja Peru mara nyingi, watu wazima wasiosoma walianza kuamini ni mtu. Mzee mmoja, mfugaji mwenye ng'ombe wasiohesabika na asiyependa kupoteza hata mmoja, alisimama mkutanoni akauliza huyo Peru anadai ng'ombe wangapi ili atuletee mvua, maana waganga wa mvua wa hapa karibu wamekuwa ghali. Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Alidhani yule mzee ni mjinga. Mimi leo naona yule mzee aliuliza swali la maana kuliko yote yaliyowahi kuulizwa pale, kwa sababu alitaka kujua gharama.

Vijana wa bodaboda ndio waliomkamata vizuri. Akipita kituoni kwao na mwavuli wake, kiangazi au masika, walimwamkia kwa heshima zote, “Shikamoo Mwalimu,” akaitika “Marahaba,” halafu mmoja akaongeza kwa sura ya upole kabisa, “Peru wameamkaje?” Naye, maskini, alisimama na kuwajibu. Aliwapa ripoti kamili. Nakumbuka aliwahi kumweleza kijana mmoja juu ya joto la bahari kwa muda mrefu hadi abiria wake akashuka kwenye pikipiki na kutembea kwa miguu.

Moyo wake ulikuwa mpana, lakini ulianzia mbali. Kimbunga kikipiga visiwa ambavyo hata yeye alivitafuta kwenye ramani kwa kidole, shule nzima tulisimama kimya dakika moja. Tetemeko likitokea Asia, tuliandika insha ya rambirambi. Moto ukiteketeza misitu ya Amerika, aliingia darasani macho mekundu, na haukuwa uigizaji. Sasa, muhula mmoja upepo uliezua paa la darasa la nne na kulitupa kwenye shamba la pamba. Tulisomea nje hadi likizo, jua likitupiga utosini. Mwalimu alilichunguza lile paa pale lilipoangukia, akapima umbali kwa hatua, akasema ni tukio la kieneo, halina uhusiano na mifumo mikubwa. Hakuna aliyetusimamia kimya.

Na bado, nikitaka kumfanya kuwa kichekesho tu, kuna mambo yananizuia. Radi ilipoua ng'ombe sita wa familia moja, watu walishamtaja kikongwe jirani kwamba ndiye aliyeituma. Kwetu hilo si jambo la kupuuza. Vikongwe wameuawa kwa maneno madogo kuliko hayo. Mwalimu alikwenda akakaa uani kwa yule bibi siku mbili mfululizo, kwenye kiti alichokwenda nacho mwenyewe, na kila aliyekuja na jicho baya alimpa somo la umeme wa mawingu tangu mwanzo hadi mwisho. Nadhani watu walimwacha yule bibi kwa kuchoka kusikiliza. Lakini aliishi, na alizikwa baada ya miaka kadhaa kwa ugonjwa wa kawaida.

Huyohuyo Mwalimu, wingu jeusi likitanda, alikimbia nyumbani kufunika kioo cha kabati kwa kanga ya mkewe. Nilimkuta mara moja, kanga mkononi, raba za mvua miguuni, ndani ya nyumba. Nikamwangalia. Akaniangalia. “Hii ni tahadhari,” akasema. “Sayansi haikatazi tahadhari.”

Kile kipima mvua cha chuma kiliibwa. Alikitafuta wiki nzima, akatangaza msikitini na kanisani, akaandika barua wilayani. Kilipatikana sokoni kwa mama mmoja aliyekuwa akipimia karanga, na aliyekuwa amekinunua kihalali kwa mtu asiyemkumbuka. Ajabu ni kwamba Mwalimu hakukasirika kwa wizi. Alikasirika kwa sababu yule mama alikijaza kwa kilemba, karanga zikipanda juu ya ukingo, na kipimo, alisema, hakina kilemba. Chenyewe kilikuwa kimetoboka kitako, hakikufaa tena kwa maji. Akatengeneza kingine kwa chupa ya plastiki na rula ya mwanafunzi, akakitumia miaka yote iliyobaki.

Mkewe tulimwita Mama Kabula. Binti yao wa kwanza alizaliwa mvua ikinyesha, akaitwa Kabula kama desturi yetu ilivyo, na Mwalimu hakuchoka kueleza kwamba siku ile zilishuka milimita arobaini na moja. Mama Kabula alikuwa mkulima. Alimheshimu mumewe mbele za watu, akampikia, akampigia pasi suruali, na kwenye jambo lolote linalohusu shamba hakumsikiliza hata kidogo. Ndoa yao ilidumu, nadhani, kwa sababu hiyo.

Sasa kosa.

Kwetu tunalima mpunga kwenye majaruba, yaani vishamba vilivyozungushiwa matuta ya udongo ili maji ya mvua yakae. Hatuna mto wala mfereji. Maji ni yale yanayoshuka kutoka juu, na jaruba ndiyo njia ya kuyazuia yasiondoke. Majaruba yanapangana kwenye mteremko, la juu likitazama la chini, hivyo mvua ikizidi na tuta la juu likapasuka, maji yanashuka kwa kishindo na kuvunja la pili, la tatu, hadi chini kabisa, yakizoa miche na udongo. Kila mtu kwetu analiogopa hilo. Kila mtu pia anaogopa jua.

Mwaka ule redio ilitangaza kwamba bahari imepata joto na kwamba kuna uwezekano wa mvua kubwa katika baadhi ya maeneo. Mwalimu alisikia “mvua kubwa”. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri matokeo na najiona msomi. Aliniita nimtafsirie kwa Kisukuma kwenye mkutano wa kijiji, maana Kiswahili chake kikishapanda kwenye mifumo ya anga, wazee walikuwa wanaangalia viatu vyao. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha vizuri, majaruba yamejaa, miche imepandikizwa na imeshika. Akasema kilichokuwa kinakuja ni mara tatu ya hicho. Akasema tukisubiri, tutapoteza vyote. Njia ni moja: kila mtu apasue tuta lake la chini mwenyewe, upana wa jembe, maji yapungue kwa utaratibu kabla hayajajipungua kwa fujo.

Nilitafsiri vizuri. Nilitafsiri vizuri mno, kwa kweli. Pale aliposema “inawezekana”, mimi nilisema “inakuja”. Neno la Kisukuma lilikuwepo, lakini lilionekana dogo mbele ya watu wengi.

Watu wakapasua. Hawakupasua wote, lakini wengi. Mama yangu alikataa. Aliketi juu ya tuta la jaruba letu, miguu kwenye maji, akaniambia, “Haya maji nimeyakinga mwenyewe. Nimmwagie nani?” Nikamweleza Peru. Nikamweleza pepo. Akasema hajawahi kumwona Peru akipalilia. Baba alikuwa amefariki, mimi ndiye mwanamume wa nyumba, nina cheti kinachokuja. Niliona aibu kwamba mkalimani wa Mwalimu ana mama asiyeelewa. Nikachukua jembe, nikapasua tuta hatua mbili kutoka alipokaa. Hakunizuia. Alitazama maji yakitoka hadi miche ikabaki imesimama kwenye tope, akaondoka kwenda kuwasha moto.

Mvua ilikata. Wiki ya kwanza tulisema inajipanga. Wiki ya pili watu wakaanza kurudishia matuta, lakini unazuia nini, wakati hakuna kinachoshuka? Wiki ya tano mpunga ulikuwa wa manjano, udongo mweusi wa mbuga umepasuka kiasi cha kumeza mguu wa mbuzi. Wiki ya saba tulifungulia ng'ombe wakale walichoweza. Kijiji kizima majaruba yaliyobaki kijani yalihesabika, na kubwa kuliko yote lilikuwa la Mwalimu.

Ndiyo, la Mwalimu. Kumbe siku ya mkutano alikwenda nyumbani na jembe, akamkuta mkewe amesimama tutani. Mama Kabula alimwambia, na majirani walisikia, “Huyo Peru aje mwenyewe na jembe lake.” Mwalimu akarudi ndani. Aliyekishawishi kijiji kizima alishindwa na mtu mmoja, naye hakutoka kutuambia kwamba ameshindwa. Watu walisema alifanya makusudi ili avune peke yake. Mimi sikuamini hivyo. Hakuwa mjanja kiasi hicho. Lakini nilifurahi waliposema.

Tulipomwuliza, alikuwa na jibu, alikuwa na jibu siku zote. Alisema bahari ya Hindi haikuunga mkono. Alisema mvua ilikuja, ila ilikwenda Pwani, na kweli redio ilisema huko madaraja yamekatika. Alituchorea. Alisema ukichukua wastani wa nchi nzima, utabiri ulikuwa sahihi. Nikiwa nimekaa mbele yake na njaa, nilimwambia wastani hauliwi, Mwalimu. Akasema, “Hilo ni suala jingine.” Nilimchukia siku ile kwa mara ya kwanza.

Msimu wa mavuno ulipofika, mama yangu alikwenda kuvuna kwenye jaruba la Mama Kabula kwa ujira wa debe. Nilimwona kutoka barabarani ameinama na mundu. Sikuweza kukaa kijijini baada ya hapo. Nilidandia lori kwenda Geita, nikabeba mawe, nikashuka maduarani, yaani kwenye mashimo ya dhahabu, nikashika nyundo, na leo nina karasha langu la kusagia mawe ya dhahabu na chumba cha kujitosheleza mtaa wa Kalangalala. Nyumbani nilituma matumizi kila mwezi. Nilirudi kwa misiba ya ukoo tu.

Kule Geita Mwalimu alinifaa sana. Mvua kubwa ikinyesha na maduara yakajaa maji, wachimbaji wanakaa bila kazi chini ya maturubai, na mtu mwenye hadithi anapendwa. Nilimwigiza anavyoinama kwenye kipima mvua. Niliigiza Peru. Watu wa Kigoma, wa Singida, wa Mara, wasiowahi kumwona, walimcheka hadi wakajishika mbavu, na wengine wakawa wakiona wingu wanapiga kelele, “Mwalimu, tupasue?” Kila nilipomaliza kumwigiza nilijisikia vizuri kwa muda, halafu nikatafuta soda.

Alipostaafu alinunua simu kubwa, akaunda kundi la WhatsApp la hali ya hewa na kuniingiza bila kuniuliza. Asubuhi picha ya kimbunga kimejikunja baharini, mchana ramani nyekundu, jioni video ya mafuriko ya nchi ambayo lugha yake hakuna anayeijua. Hakuna aliyemjibu isipokuwa kwa vidole gumba. Nilibaki kwenye kundi kwa kusudi moja: labda siku moja, kati ya vimbunga vyote hivyo, angeandika lile neno.

Mwaka huu mkanda wa mota ya karasha ulikatika, na wa saizi yake haukupatikana Geita wala Buseresere. Nikaenda Kahama. Dukani nikakutana na Kabula, binti wa milimita arobaini na moja, sasa mama mtu mzima anayeuza vitambaa. Aliniambia mama yake alifariki, na kwamba baba yake anaishi kwake mtaa wa Nyasubi, macho yameingia ukungu, anashinda barazani. “Njoo umsalimie, kaka,” akasema. “Anakutaja.” Nilikwenda. Nisidanganye kwamba nilikwenda kumsalimia.

Alikuwa amekonda, amekaa kwenye kiti cha plastiki, redio mapajani. Nilipotoa shikamoo alinijua kwa sauti.

“Marahaba. Wewe wa Geita. Kwenu huko zimeshuka ngapi?”

“Sipimi, Mwalimu. Mimi nasaga mawe.”

“Mbaya hiyo. Mtu aliye karibu na mashimo lazima apime.” Akaanza. Bahari hii, bahari ile, jinsi ambavyo siku hizi hata kutegemea kwenyewe hakutegemeki. Nilimwacha afike Peru, kisha nikamkata. Sikuwahi kumkata maneno maishani mwangu.

“Mwalimu, mwaka ule ulitupasulisha majaruba. Mama yangu akavuna kwa kibarua kwenye shamba lako. Umezungumza miaka yote hii, na hujawahi kusema ulikosea.”

Kabula aliyekuwa akileta chai alisimama mlangoni. Mzee alizima redio. Nikafurahi, kisha nikaona aibu kwa kufurahi.

“Nilisema,” akasema.

“Ulisema lini? Kwa nani?”

“Msimu uleule wa mavuno. Nilizunguka nyumba kwa nyumba, wewe ulikuwa umeshaondoka. Wengine walinifukuza, mmoja alinimwagia maji ya kuoshea vyombo. Nilisema kila mahali: redio ilisema labda, mimi nikasema ndiyo, nimekosea. Kwa mama yako nilikwenda wa kwanza.”

Sikuamini, na uso wangu ulionyesha, ingawa yeye hakuuona. Kabula aliitikia kwa kichwa kuniambia ni kweli.

“Mama alisemaje?” nikauliza.

Mwalimu aliipapasa redio, asiiwashe. Nadhani alikuwa anatafuta namna ya kutosema.

“Alinikaribisha kiti. Akaniambia, ‘Wewe Mwalimu hukushika jembe.’”

Chai ilikuwa ya moto, nikainywa hivyohivyo. Nikamwambia mzee kwamba anaongea sana, ndiyo maneno pekee niliyoyapata, akacheka kidogo na kukubali. Alinishika mkono wakati wa kuaga, akauachia upesi.

Nilisimama nje ya geti, mkanda wa mota begani, nikapiga simu kijijini. Mama hupokea simu kwa kupiga kelele, kana kwamba mimi niko ng'ambo ya mbuga.

“Haloo! Nani?”

“Mimi, mama. Mwadila,” nikamwamkia kwa Kisukuma.

“Mwadila, baba. Kuna msiba?”

“Hakuna msiba.”

“Haya. Sema.”

Nilikuwa nalo tayari. Lilikuwa mdomoni kabisa, neno moja, lilelile nililomsubiria mwenzangu miaka yote. Mama alisubiri. Nilisikia kuku wake, nikasikia pumzi yake.

“Mvua vipi huko?” nikamwuliza.

“Imenyesha,” akasema. “Hilo tu?”

“Hilo tu, mama.”